Nullius na Isiyo: Ukanushi wa Mwenye Ardhi Katika Tambarare ya Mwea

Wahakiki wa maandishi ya kikoloni hupenda kuifasiri terra nullius kuwa "ardhi tupu". Fasiri hiyo ni nyepesi mno. Kivumishi nullus kimeundwa kwa kikanushi ne na ullus, "yeyote". Lau kingepatana na terra, tungepata terra nulla, yaani hapana ardhi yoyote. Lakini nullius iko katika hali milikishi na umbo lake ni moja kwa jinsia zote tatu. Hapa imesimama badala ya mtu. Kinachokanushwa, basi, ni mwenyewe, wala si ardhi. Sheria ya Kirumi ilisema res nullius kwa kitu kama mnyama wa mwituni asiyekamatwa; na katika tamthilia za Plautus mhusika aliyekwisha kuangamia hujiita nullus.

Kiswahili hakina kivumishi cha namna hii. Tupu haina kikanushi ndani yake. Hatuna budi kusema "isiyo na mwenyewe", na hapo pana hatari yetu wenyewe, kwa kuwa kirejeshi kinachokanushwa kwa -si- hakibebi njeo. Tuchukue tambarare ya Mwea, kusini mwa Mlima Kenya, ambako wenyeji wa Ndia, Gichugu na Mbeere walichunga mifugo kabla ya mashamba ya mpunga. Anayeiandika kuwa "ardhi isiyolimwa" amefuta majira yote kwa neno moja. "Ambayo haikulimwa" hutaja wakati uliopita; "ambayo haijalimwa" humwacha mlimaji njiani, angali anakuja. Msomi anayezipita tofauti hizi (nao si wachache) huirudia kazi ya mpima ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 haikuhitaji hata utupu: iliihesabu kuwa ya Taji hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mahabusu walitumiwa kuichimba mifereji ya Mwea, na chini ya Sheria ya Umwagiliaji ya 1966 mkulima alikuwa mpangaji mwenye leseni. Shamba lilijaa mpunga, na mlimaji wake alijulikana kwa jina. Kwa hiyo anayesoma riwaya, kumbukumbu na taarifa za kipindi hicho asiishie kutafuta nyika na pori. Atazame pia viunganifu vya umilikaji, shamba limeandikwa la nani.