Hati ya Msovero na Neno "Sultani"

Mtoto wa shule katika Kilosa, Mikumi au Ruaha akiulizwa habari za Mangungo wa Msovero, hujibu upesi: ndiye mzee aliyeuza nchi. Hata watu wazima, wakitaka kuyalaumu mapatano mabaya, huyaita mkataba wa Mangungo. Hivyo jina la mzee huyo limekuwa mithali ya ujinga. Lakini wengi wasemao hivyo hawajaisoma hati yenyewe. Yafaa basi tuipime kwa maneno yake, neno kwa neno, kama mwalimu apimavyo insha.

Hati hiyo iliandikwa Msovero katika Usagara, tarehe 29 Novemba 1884, na Karl Peters, Mdachi, kwa niaba ya chama chake cha kutafuta makoloni. Yasema ya kuwa Sultani Mangungo ampa Peters nchi yote ya Msovero, iliyo yake kwa urithi au kwa njia nyingine, pamoja na haki zake zote, hata milele. Mwishoni yaongezwa ya kwamba mkalimani Ramazan alimweleza maneno hayo waziwazi, kwamba desturi za Usagara zilifuatwa, na kwamba Mangungo, alipoulizwa, alisema hayuko chini ya Sultani wa Unguja wala hajui kama yuko.

Tuanze na neno "Sultani". Mkubwa wa mji katika nchi hizi aliitwa jumbe au mndewa. Sultani lilikuwa jina la mtawala wa Unguja. Peters alimvika Mangungo jina hilo, maana ni mwenye enzi tu awezaye kutoa enzi. Walakini hati iyo hiyo yaziacha haki za ukubwa alizo nazo Mwinyi Sagara juu ya Msovero. Je, aliye na mkubwa juu yake atatoaje haki zote? Hapo hati yajipinga yenyewe.

La pili ni "urithi". Wasagara, kama Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo, wa walio hai na waliozikwa ndani yake. Mkubwa alimwonyesha mgeni mahali pa kujenga na kulima. Kuiuza ardhi milele hakukuwamo katika mamlaka yake. Tena "desturi za Usagara" ni zipi? Peters mwenyewe alisimulia jinsi alivyofanya udugu wa kuchanjiana damu na wakubwa katika safari ile, na kuwapa zawadi na vinywaji. Udugu wa namna hiyo humpa mgeni njia, chakula na ulinzi. Wenyeji husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawasemi, mgeni njoo, mwenyeji ahame.

La tatu, na ndilo kubwa, ni maneno juu ya Unguja. Msomaji ayapime. Misafara ya pwani ilipita Usagara miaka mingi. Askari wa Sultani Barghash waliwekwa Mamboya, katika nchi iyo hiyo ya Kilosa. Na mkalimani mwenyewe alikuwa na jina la Kiislamu. Kwamba mkubwa wa mahali hapo hakujua kama kuna Sultani Unguja, ni neno gumu kusadiki. Lakini halikuandikwa ili Mangungo alisadiki, kwa kuwa Kidachi hakukijua. Liliandikwa lisomwe Berlin, na kumjibu Barghash. Na ndivyo lilivyotumika. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alitoa barua ya ulinzi juu ya Usagara na nchi jirani, Barghash alipinga, mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zikatia nanga mbele ya Unguja, naye akakubali. Hivyo karatasi moja ya bara ilitumika kumnyamazisha mtawala wa kisiwa.

Tulinganishe na visiwa vya New Zealand. Huko, tarehe 6 Februari 1840, mapatano ya Waitangi, yaliyoandikwa kwa lugha mbili, yalitiwa sahihi, naye mfasiri alikuwa mmisionari, Henry Williams. Hati ya Kiingereza yasema Wamaori walitoa enzi yote. Hati ya Kimaori yatumia neno la kazi ya gavana tu, na kuwaachia wakubwa ukuu wao. Kwa kuwa hati zote mbili zipo, wajukuu wameweza kudai mbele ya mabaraza ya sheria. Katika hati ya Msovero maneno ya Ramazan hayakuandikwa. Twaambiwa tu yalikuwa wazi, naye atuambiaye ndiye aliyepata faida.

Mtu atasema, Mangungo alitia alama yake. Ni kweli, na mtu mzima huulizwa juu ya alama yake. Lakini aulizwe juu ya maneno aliyoyasikia, si juu ya yale yaliyoandikwa kwa lugha ngeni. Kumwita mjinga ni kuisadiki hati ya Peters kuliko Peters alivyoweza kutumaini.

Basi waalimu waisome hati hii pamoja na wanafunzi, nao waulize: nani aliandika, kwa lugha gani, ili asome nani? Na sisi tunaofasiri kila siku agano, ufalme na urithi, tukumbuke ya kuwa mkalimani naye hutia alama yake katika kila hati, ingawa jina lake huandikwa chini kabisa.