Datsun 240Z na Nissan Z: Yapimwe Vipi?

Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1971 akiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na gari la aina hiyohiyo. Mrithi wake wa leo, Nissan Z, lina injini ya V6 ya lita 3.0, tabo mbili na nguvu za farasi 400. Mbio zao hazilingani, kwa hiyo kasi si kipimo. La zamani lipime ukweli wake. Jipya lipime ustahimilivu wake.

Bodi. Kwa 240Z, lala chini kabla hujasifia rangi. Kagua sakafu, matao ya magurudumu ya nyuma na bati lililo chini ya betri. Kutu hupenda kuanzia hapo. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: isiponasa kwenye bati, jua kuna puti nene. Mshono wa kuchomelea usio laini si aibu kwa gari la mashindano, aibu ni kuuficha. Kwa jipya, tazama mianya ya milango: iwe na upana mmoja juu hadi chini.

Injini. 240Z lina silinda 6 za mstari mmoja na karabureta mbili. Fundi mzuri huweka ncha moja ya bomba la mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa karabureta, kisha huhamia ya pili. Mvumo ukitofautiana, hazivuti hewa sawa. Kwa Nissan Z sikio halitoshi, maana kompyuta hurekebisha mengi kimyakimya. Likimbize mpaka lipate moto, halafu uone kama nguvu inapungua.

Breki na usukani. La zamani lina diski mbele na dramu nyuma, bila ABS. Usukani wake ukiwa mzito, vumilia. Ukicheza katikati, umechakaa. Kwa jipya, kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa mfululizo, mahali salama. Pedali isizame.

Nasaba. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini ilingane na hati zote. Magari halisi ya timu ya kiwanda ni machache, nakala ni tele. Nakala iliyojengwa vizuri na kuuzwa kama nakala ni kazi ya heshima. Ikiuzwa kwa bei ya gari lililoshinda Safari, huo ni utapeli. Na muuzaji anayekukataza kulala chini ya gari lake, muage mapema.