Filamu ya Concussion: mpaka ufe ndiyo waamini?

Nimeitazama Concussion mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa chuo, mwaka wa pili, na nilitoka kifua mbele: daktari kutoka Nigeria anaishika ligi tajiri ya Marekani kwa hadubini tu! Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, nyumbani, nikiwa na kaka yangu. Hiyo ya pili ndiyo imenifanya niandike.

Kaka ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Miaka mitatu iliyopita alianguka na bodaboda, akagonga kichwa. Tukampeleka hospitali, akapigwa CT scan, picha ikaja safi. Tukashukuru Mungu, akarudi kazini wiki iliyofuata. Tangu hapo hawezi kuvumilia kelele ya mashine ya kukatia. Anapima dirisha, na kabla hajafika kwenye daftari namba imeshapotea. Akifanya kazi saa mbili anahitaji kulala. Baba alisema amekuwa mvivu. Shangazi alisema amerogwa. Mimi, mwenye shahada yangu ya pili, nilisema "lakini picha ilikuwa safi".

Sasa turudi kwenye filamu. Ni ya mwaka 2015, imeongozwa na Peter Landesman, na Will Smith anaigiza kama Dkt. Bennet Omalu, mchunguzi wa maiti mjini Pittsburgh. Mwaka 2002 analetewa mwili wa Mike Webster, nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na kugongana, aliyefariki akiwa na miaka 50. Ubongo wake kwa macho unaonekana mzima. Omalu hakubali. Anagharamia vipimo kwa pesa zake, na chini ya hadubini anakuta protini iitwayo tau imejirundika mahali isipotakiwa. Yeye na wenzake wanachapisha matokeo mwaka 2005 katika jarida la Neurosurgery, na madaktari wa kamati ya ligi wanadai makala ifutwe. Pembeni yake yupo Prema Mutiso, Mkenya anayekuja kuwa mke wake, ingawa filamu haimpi mengi zaidi ya kumtia moyo mume.

Kuna kitu filamu imekifanya vizuri sana: inamwonyesha mtu aliyesomea akiukazia macho ubongo usio na kasoro ya kuonekana, na bado anauliza mwenye ubongo huu aliteseka vipi. Sisi hatukuuliza hivyo. CT scan ni nzuri kwa kuona damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Lakini mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauachi vitu hivyo. Nyuzi ndefu za seli za neva huvutwa, kemia ya seli huvurugika, ubongo unadai nishati nyingi wakati uwezo wa kuipata umepungua. Hayo hayaonekani kwenye picha ile. Picha safi maana yake huhitaji upasuaji wa haraka, siyo kwamba huumwi.

Tatizo langu la kwanza ni jina. Filamu inaitwa "mtikisiko wa ubongo" lakini inazungumzia kitu kingine: CTE, ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Webster alicheza misimu 17 kwenye ligi. Kaka yangu aligonga kichwa mara moja. Filamu haikomei mahali popote kutenganisha hayo mawili, na usiku ule kaka hakulala, akijiona tayari yuko njia moja na Webster. Wengi wanaopata mtikisiko hupona ndani ya wiki chache. Wachache dalili zao huendelea kwa miezi, hata miaka, na huo peke yake siyo ushahidi kwamba wana CTE.

La pili ni historia. Ukiitazama unaweza kudhani kila kitu kilianzia meza moja ya mochwari Pittsburgh. Lakini mwaka 1928 Harrison Martland alishaandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba na kuchanganyikiwa kwa sababu ya ngumi. Omalu alichofanya ni kuukuta ugonjwa huo kwenye futiboli, na hilo ni kubwa. Ila kulificha la 1928 kunatuficha jambo zito zaidi: dalili zilikuwa zinajulikana, wagonjwa ndio hawakusikilizwa.

La tatu ndilo linaloniuma. Kuna sehemu Omalu anaongea na maiti kabla ya kuipasua, anaiomba imsaidie kujua ukweli. Inagusa moyo. Lakini Webster akiwa hai tunamwona kwa dakika chache tu, mtu wa kutisha, kisha anakuwa ushahidi. CTE mpaka leo inathibitishwa baada ya kifo, kwa hiyo filamu inamaliza kazi yake pale pale, kwenye ubongo uliokatwa. Aliye hai afanye nini? Haisemi. Ilipoisha kaka aliniuliza, "Kwa hiyo mimi mpaka nife ndiyo mtaniamini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimesoma tangu hapo. Mwongozo wa kimataifa wa wanamichezo uliotolewa baada ya mkutano wa Amsterdam wa 2022 unashauri kupumzika siku moja au mbili, halafu kurudi kwenye shughuli taratibu, hatua kwa hatua. Sisi tulimrudisha kwenye mashine kwa mkupuo. Na kwa ambaye dalili zimekawia, maumivu ya kichwa, usingizi na kizunguzungu vyote vina wataalamu wake, kila kimoja kwa njia yake. Kaka sasa anavaa vizibo vya masikio, anaandika vipimo papo hapo kwenye kiganja, na kazi ya siku ameigawa mara tatu. Hajapona. Ila Baba ameacha kumwita mvivu.

Itazameni filamu hii, inastahili. Kama nyumbani kuna aliyegonga kichwa, kaeni naye mtazame pamoja, na kabla haijaanza mwambieni kwamba Webster siyo yeye.