Fimbo ya snuka: tuache kusifu kitako, tuangalie mti



Mwezi uliopita, kwenye mangaribi yetu ya biyari hapa Lubumbashi, fimbo mbili za aina ya snuka ziliwekwa juu ya meza. Ya kwanza kamarade mumoja aliinunua kwenye intaneti, na karatasi yake inasema imetengenezwa kwa mkono. Ya pili tuliiagiza kwa fundi wa mbao wa mtaani. Tulisifu ya kwanza. Ya pili tuliicheka, na mimi njo nilikuwa wa kwanza kusema: "Angalieni, ncha zake hata hazilingani!" Kisha tukamukatia fundi bei. Ninaandika leo juu nilikosea, na kosa lenyewe ni la siye wote: tunahukumu kazi ya mkono bila kujua mkono unafanya nini.

Ncha ninazosema ni zile ndimi nyeusi zenye kupanda kutoka kitako, pale unaposhika, kuelekea mti wa mbele. Kazi ya mkono inazizaa hivi. Fundi anachukua kipande cha mraba cha frene, mti wa Ulaya, kikavu kabisa. Upande wa nyuma anapiga randa nyuso nne ziwe mshazari, anabandika vipande vya ebeni kwa kole na kuvibana. Kikikauka, randa inarudi: mraba unakuwa pembe 8, halafu 16, mpaka fimbo inakuwa ya mviringo. Kwa kuwa ebeni imelala mshazari, randa inapoikata, ncha inatokea na kichwa cha mviringo, kama ukucha. Randa ikila kidogo zaidi upande mumoja, ncha ya upande ule inabadilika urefu. Mashine yenyewe inakata meno na kuyafungamanisha, na ncha zake zinatoka kali kama herufi V, zote sawasawa.

Sasa rudini kwenye ile fimbo tuliyosifu. Ncha zake ni kali na sawa kabisa. Kazi ya mashine si dhambi, lakini karatasi yake inasema uongo, na siye wasomi tulisoma karatasi, hatukusoma mbao.

Sisemi kasoro ni uzuri. Fundi bingwa anazilinganisha ncha zake kwa mkono, na hiyo ni heshima yake. Lakini huo ni urembo, hausukumi mpira. Kazi kubwa iko mbele, kwenye mti wenyewe, karibu sentimita 145 mpaka kwenye ngozi yenye upana wa milimita 9 au 10. Mistari ya frene inapaswa kwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ikitokea ubavuni, fimbo itapinda siku moja. Na ile mishale inayoonekana juu ya frene si mapambo tu: mchezaji anaigeuza fimbo mpaka mishale iangalie juu, ili kila siku aishike namna ile ile.

Mutu ataniuliza: na Stephen Hendry wa Scotland? Alichukua ubingwa wa dunia mara 7, kati ya 1990 na 1999, na fimbo ya bei ndogo aliyokuwa nayo toka ujana wake, mpaka ikavunjika katika safari ya ndege mwaka 2003. Kama ya bei ndogo inatosha, kwa nini kulipa mkono? Swali ni zuri. Mimi naona Hendry anatufundisha kwamba hakuna anayeshinda kwa kitako. Katika fimbo nyingi za bei ndogo, kupata mti mwema ni bahati. Fundi unamulipa ili kazi ya kuchagua isiachwe kwa bahati.

Wa kwetu alichagua. Alipata fimbo ya zamani iliyovunjika kitako, akaona mti wake wa frene bado umenyooka, akautengenezea kitako kipya cha mulombwa. Siye tukasema si nyeusi, kwa hiyo si ya maana. Na ile ebeni nyeusi tunayoishangaa inaota katika misitu ya Afrika ya Kati, hadi kwetu Kongo! Inatoka hapa kama gogo, inarudi kama uzuri wa watu wengine.

Makosa yake nayasema pia. Alipaka verni nzito kwenye mti, na mkono ukitoka jasho fimbo inakwama kati ya vidole. Mafuta ya kitani yangefaa zaidi. Uzito umekaa nyuma mno. Hayo njo tungemuambia, angerekebisha. Tulimuambia kuhusu ncha.

Jumamosi nilirudi atelie, nikamulipa sehemu yangu ya ile pesa tuliyokata. Hakusema mingi. Aliniuliza tu kama mpira unaenda. Nikamujibu unaenda, lakini verni inakwama. Akachukua fimbo, akaanza kuikwangua palepale.

Wenye tulikata bei pamoja, mnajijua. Atelie inafunguliwa hata kesho.