Mbao za Barza Baada ya Mvua

Barza nyingi za Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, ni za saruji, hasa kwenye nyumba zilizojengwa enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Ile yenye sakafu ya mbao ni nadra, na mwenye nayo huanza kuhangaika Aprili, mvua zinapokatika na uharibifu kuonekana wazi. Karibu na ngazi rangi imebanduka vipande vipande. Katikati, pasipofunikwa na paa, ubao umepauka ukawa wa rangi ya majivu. Kila kichwa cha msumari kimezungukwa na doa jeusi, na kwenye kona isiyopata jua ukungu wa kijani umeota mpaka mtu anateleza.

Wengi hapo hukimbilia dukani kununua kopo la vanishi na brashi mpya. Fundi ninayetaka kumsifu huja siku ya kwanza bila kopo. Huja na kisu chembamba, akapiga magoti, akaanza kuchokonoa. Anaingiza ncha kwenye ubao, ananyanyua kibanzi kidogo, anakitazama kinavyokatika. Kikichanika kirefu, chenye nyuzi, na kutoa sauti kavu, ubao ni mzima hata kama sura yake imechakaa. Kikivunjika kifupi bila sauti, kuvu wameshakula ndani, na hakuna rangi itakayouponya, huo utang'olewa. Nimemwona akipita barza nzima namna hiyo, ubao kwa ubao, kisha anachora alama ya chaki kwenye mbao chache tu. Mwenye nyumba alikuwa amejiandaa kubomoa zote.

Anachokisoma pale ni kazi ya maadui wawili wanaosaidiana. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na jua lake la kiangazi ni kali. Miale ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mvua ikija huosha kilichovunjika, na juu hubaki nyuzi za kijivu zisizoshikana. Maji nayo huuvimbisha ubao kwa upana, si kwa urefu, na ukikauka husinyaa tena. Vanishi ngumu inayokaa juu kama ngozi haiwezi kufuata mwendo huo mwaka baada ya mwaka. Hupata ufa usioonekana kwa macho, maji yakapenya chini yake, na yakishaingia hayana pa kutokea. Ndiyo maana barza iliyopakwa vanishi nzito inaweza kuoza haraka kuliko hata ile iliyoachwa wazi ipigwe na upepo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kwanza ni kusubiri, na hapa ndipo wateja hukasirika. Mama mwenye nyumba aliona mbingu bluu siku baada ya siku, akauliza kwa nini kazi haianzi. Fundi alimjibu kwa upole: «Mama, mbao iko na maji bado.» Alikuwa sahihi. Juu palikuwa pakavu, lakini upande wa chini, ambako upepo haupiti vizuri, ubao ulikuwa bado na baridi ya unyevu mkononi. Mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu waozeshao hawapati nafasi. Ukiifunika kwa rangi kabla haijafika hapo, umewafungia chakula na maji pamoja. Muda huo wa kusubiri hakukaa bure. Alichokonoa majani yaliyojaa kati ya mbao kwa kutumia kipande cha msumeno, akafungua njia ya hewa chini ya sakafu, na akakagua nguzo moja moja akitafuta vijia vya udongo vya mchwa. Katika nchi ya vichuguu virefu kama Katanga, kuacha kukagua nguzo ni kuwakaribisha mchwa ndani.

Msasa ulipoanza nilielewa kwa nini hataki kuharakishwa. Anaanza na ule mkali, namba 60, akifuata nyuzi za mti, mpaka kijivu kiishe na rangi ya mulombwa, ndiyo mninga wa Watanzania, itokeze kahawia yenye wekundu. Kisha namba 80, mwisho 120 basi. Ukilainisha zaidi ya hapo, ubao hupendeza machoni lakini vinyweleo vyake huziba, na mafuta hayazami. Misumari iliyochomoza huipigilia chini kabla msasa haujafika. Madoa meusi, yaliyotokana na chuma kukutana na unyevu na tanini ya mti, huyapangusa kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto, glavu mkononi, halafu anasuuza na kusubiri tena.

Hatua anayoipenda kuliko zote, nadhani, ni ncha za mbao. Maji huingia kwenye ncha iliyokatwa kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko ubavuni, kwa kuwa hapo mirija ya mti imefunguka wazi. Anainama na brashi ndogo, anapaka ncha, anangoja zinywe, anapaka tena, na tena, hadi zikatae. Hakuna mgeni atakayeziona ncha hizo, zimegeukia ukuta. Anazipaka kwa uangalifu uleule anaoutoa mbele ya mlango.

Kwa juu hatumii vanishi ya kung'aa. Hutumia mafuta yenye rangi ndani, yanayozama badala ya kukaa juu. Rangi hiyo si ya urembo tu: unga wa oksidi ya chuma, ndugu wa udongo mwekundu wa barabara za mtaa wa Kikula, huzuia miale ya jua isiufikie ubao, jambo ambalo vanishi angavu haiwezi kulifanya vizuri hivyo. Na ndani ya kopo mna kitu kingine kinachonifurahisha kila nikifikiri. Mafuta na rangi za aina hiyo kwa kawaida hukaushwa kwa chumvi ya kobalti, na Likasi imeishi kwa shaba na kobalti za kiwanda cha Shituru kwa vizazi. Shaba nayo ni adui wa zamani wa kuvu: katika karne ya 19 daktari Mfaransa Auguste Boucherie alianza kupitisha salfati ya shaba ndani ya magogo yasioze, na dawa nyingi za mbao za leo bado zinategemea shaba. Metali zinazochimbwa hapa huzunguka dunia, kisha pengine sehemu yake ndogo hurudi kwenye kopo kulinda barza ya Likasi.

Anapaka alfajiri, kabla jua halijachoma, baada ya kumwagia uwanja maji jioni ili vumbi lilale. Tabaka ni jembamba. Yanayobaki juu baada ya dakika chache anayafuta kwa kitambaa, maana mafuta yasiyozama hugeuka utando unaonata. Vitambaa hivyo havitupi kwenye rundo. Vikiwa na mafuta ya mbegu za kitani na kukunjwa pamoja hupata joto vyenyewe hadi kuwaka moto, kwa hiyo anavilowesha kwenye ndoo ya maji kabla ya kuondoka.

Maagizo aliyomwachia mwenye nyumba yalikuwa machache: vyungu vya maua viwekwe juu ya vigingi, si moja kwa moja kwenye mbao, na mvua zikiisha mwakani, adondoshee maji hapa na pale. Yakisimama kama shanga, amwache fundi apumzike. Yakizama, ampigie simu, nao ubao utahitaji kusuguliwa kidogo na kupakwa tabaka moja tu.