Mlango Uliofungwa Februari 2002

Katika hukumu zote zilizopitishwa juu ya maradhi ya ini tangu Child na Turcotte walipotutolea madaraja yao mwaka 1964, sijaona iliyo wazi katika ukosefu wake kama ile ya Februari 2002, Marekani ilipofuta daraja la 2A katika orodha ya wanaongojea kupandikizwa ini, ikawachukua wote wenye ini lililosinyaa (sirosisi), atembeaye na aliyezimia, ikawapanga katika foleni moja kwa alama ya MELD peke yake, hesabu ya bilirubini, kreatinini na INR, yaani kuganda kwa damu. Natangulia kulisema hilo ili msomaji ajue nisimamapo. Wala sisemi kwamba MELD ni kipimo kibaya: Kamath na wenzake wa Mayo Clinic walifanya kazi safi mwaka 2001, na kuacha kumtanguliza aliyengoja sana mbele ya aliye mgonjwa zaidi kulikuwa jambo la insafu.

Lakini turudi kwenye daraja hilo la 2A, kwa kuwa wanaoyatetea mageuzi yale hulitaja kama aibu iliyokwisha. Halikuwa la kila mtu. Aliyeliingia alikuwa na maradhi sugu ya ini, amelazwa katika chumba cha mahututi, alama zake za Child-Pugh ni 10 au zaidi, na matabibu wake wamekadiria kwamba pasipo ini jipya hatazidi siku saba. Huyo ndiye aghalabu leo tunayemwita mwenye ACLF, mtu aliyeishi na ini bovu miaka mingi, kisha kwa uambukizo, au kwa ulevi wa siku za karibuni, au bila sababu ionekanayo, ini likamwangusha ghafla na kuziburura figo, ubongo na mapafu pamoja nalo. Jina lake halikuwamo bado katika kanuni za ugawaji, lakini mlango wake ulikuwapo. Ulipofungwa, haukufunguliwa mwingine. Daraja la 1, linaloitwa leo 1A, likabaki hasa kwa wale ambao ini lao lilikuwa zima kabla ya kuanguka, naye mwenye sirosisi akaambiwa arudi kwenye foleni angoje namba zake zipande.

Hoja ya waliofunga naijua, na sehemu yake naikubali. Palikuwa na manung'uniko kwamba baadhi ya wagonjwa hulazwa mahututi ili wapande daraja, na kwamba maji ya tumboni na ensefalopathi, yaani akili kuvurugwa na ini, mambo ambayo Pugh aliyapa alama, hutegemea jicho la mtazamaji. Kwa ensefalopathi ya daraja la kwanza na la pili ni kweli. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono mbele na kuvikunja viganja kwa nyuma kama askari azuiaye magari njia panda, kisha ungoje: viganja vitatulia sekunde chache, halafu vitaanguka mara moja na kuinuka, vianguke tena, kama bawa la ndege aliyechoka. Matabibu wawili waliosimama kitandani hapo wanaweza kubishana kama walichokiona ni dalili yenyewe ama ni uchovu wa mikono tu. Lakini mgonjwa wa daraja la nne haamki hata ukimfinya, na hakuna awezaye kumtilia chumvi mtu asiyeamka. Kadhalika mashine ya kupumulia ama imeunganishwa ama haikuunganishwa, na dawa ya kupandisha shinikizo la damu ama inaingia mshipani ama haiingii. Kwa kumwogopa shahidi mmoja mwenye kusitasita, wakawatoa barazani mashahidi wote.

Na kipimo kilichobaki kilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Malinchoc na wenzake walikitoa mwaka 2000 kwa wagonjwa 231 waliowekewa TIPS, mrija wa kupitisha damu ndani ya ini, kwa miadi, watu waliokuwa na wasaa wa kupangiwa siku, kisha kikatumiwa kutabiri miezi mitatu ijayo, ilhali ACLF hukata shauri lake ndani ya siku 28. Mchukue mgonjwa mwenye bilirubini 3, kreatinini 1.2, zote kwa miligramu katika desilita, na INR 1.6. Amepata nimonia, anapumuliwa na mashine, alikwisha kuzimia kwa ini lake kabla ya kutiwa bomba la pumzi, na shinikizo lake la damu linashikiliwa kwa norepinefrini. Hesabu ya 2002 inampa alama 18. Na katika takwimu za Wiesner za mwaka 2003, wenye alama 10 hadi 19 waliofariki ndani ya miezi mitatu walikuwa 6 kwa mia. Ukimpima mtu huyo huyo kwa CLIF, kipimo kinachohesabu viungo vilivyoshindwa, ameshindwa na viungo vitatu, yuko ACLF daraja la tatu, na katika uchunguzi wa CANONIC uliotolewa mwaka 2013, wenye wagonjwa 1,343 wa nchi nane za Ulaya, waliofariki katika daraja hilo ndani ya siku 28 walikaribia 77 kwa mia. Damu yake haikusema uwongo. Aliulizwa maswali matatu tu, na mauti yake hayakuwamo katika lolote.

Sundaram na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba wenye ACLF ya daraja la tatu hufariki zaidi katika orodha, ndani ya siku 14, kuliko hata wale wa 1A wanaopita mbele yao.

Wako wasemao kwamba kumpandikiza mtu wa hali hiyo ni kulipoteza ini. Artru na wenzake wa Ufaransa walijibu mwaka 2017: waliopandikizwa wakiwa katika daraja la tatu waliishi mwaka mmoja 83.9 kwa mia, na waliofanana nao wasiopandikizwa 7.9. Gustot naye, mwaka 2015, alitufundisha kupima tena siku ya tatu hadi ya saba kabla ya kukata tamaa au kukata shauri, na hilo ni sahihi kabisa.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua chuki yangu na kreatinini, wala sitaificha leo. Ni taka ya misuli, na mwenye sirosisi misuli yake imekwisha kuliwa na maradhi, hivi kwamba figo zaweza kufa nusu ilhali namba ingali na adabu. Na mwanamke, ambaye misuli yake ni michache tangu mwanzo, alipunjwa kwa hesabu hiyo miaka 21 mpaka alipoongezewa alama 1.33. Bibi Sheila Sherlock wa Royal Free, aliyeandika na wenzake mwaka 1954 juu ya ubongo unaovurugwa na ini, angeshangaa kwamba kizazi kilichosoma kitabu chake kimegawa maini bila kuuliza kama mgonjwa anajua yuko wapi. Pugh, pale King's College Hospital mwaka 1973, alikuwa na vitu vitano tu vya kupimia, na kimoja kilikuwa akili ya mgonjwa.

Uingereza imekwisha kuufungua mlango wake: tangu Mei 2021 imewawekea wenye ACLF walio mahututi daraja lao la kupandikizwa, kwa majaribio. Marekani nayo ilikaa tena mezani. Mwaka 2016 iliongeza sodiamu. Julai 2023 ikaongeza albumini na jinsia, ikashusha kikomo cha kreatinini kutoka 4 hadi 3, ikapima upya kila kipimo cha damu kwa uangalifu mkubwa, na ilipofika mahali pa kuuliza kama mgonjwa anapumua mwenyewe, ikapita.