Fundi wa Ethi

Kontena la futi 20 lililogeuzwa karakana ya kuchomelea nyuma ya nyumba humpima vizuri fundi umeme. Kuwasha taa humo si kazi. Kijana yeyote mwenye bisibisi na testa ataiwasha kabla ya saa sita mchana. Ufundi unaanza na swali: siku waya wa moto utakapochubuka ukagusa bati, itakuwaje? Ukuta, mlango, kitasa, hata meza ya chuma iliyoegemea ukuta, vyote vina volti 230, na wa kwanza kufungua asubuhi amevaa kandambili zilizolowa.

Wengi hujibu: piga ethi. Wanazamisha fimbo ya shaba mita moja na kitu kando ya kontena, wanafunga waya, wanafungasha vifaa. Hapo ndipo ninapomtenga fundi na mfunga nyaya. Fimbo moja kwenye mchanga mkavu yaweza kuwa na ukinzani wa omu 50, pengine zaidi. Gawa 230 kwa 50: umeme utakaopita hauzidi ampia 4.6. Kwa sakiti breka ya ampia 32 hiyo ni pasi ya nguo tu. Haitajikata, na kontena litashinda na umeme huku kila mtu akijua ethi ipo. (Wapo wanaomwaga chumvi shimoni. Ukinzani hushuka kweli, kisha mvua huiondoa chumvi na fimbo inaliwa.)

Fundi ninayemsifu huvuta waya wa ethi kutoka nyumbani pamoja na nyaya nyingine, ndani ya kebo yenye nyuzi za chuma, kwenye mtaro ambao jembe halifiki. Anajua pia kwamba nyumba yenyewe ikitegemea fimbo, waya huo hautoshi. Kwa hiyo hufunga kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampia 30, kinakata. Charles Dalziel wa Berkeley, Marekani, aliwapima watu wa kujitolea kujua ni umeme kiasi gani unaoukaza mkono ushindwe kuachia. Ni mdogo kuliko miliampia 30 hizo, ndiyo maana kasi ya kukata ni muhimu kama kipimo chenyewe.

Lakini mtazame anapofunga waya kwenye kontena. Rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka, na rangi haipitishi umeme. Anapiga msasa mpaka chuma king'ae, anaweka washa yenye meno, anakaza nati, anavuta waya kwa nguvu kuona kama utacheza, ndipo anapaka rangi upya juu yake, kutu isije ikaingia.

Mteja huguna akisikia bei ya mtaro na ya kile kifaa kidogo chenye kitufe. Fundi habishani naye, anamwambia akibonyeze mwenyewe. Tap! Taa imezima, feni imesimama.

"Sasa kitakuwa kinanizimia hivi kila mara?"

"Umeme ukivuja tu, mzee. Na kila baada ya miezi michache ukibonyeze tena. Siku kisipozima, nipigie."